Tusimshuhudie Jirani Uongo

Mazungumzo ya redio juu ya sayansi, Wakatoliki na Mungu Muumba

Masomo: Zaburi 104:24-30, Matendo ya Mitume 17:22-28

 

Leo twataka kusema juu ya neno moja linalozunguka katika vijiji vyetu. Hulisikia mtu ndani ya matatu, sokoni, katika mikutano ya vijana na, kwa huzuni twasema, hata mimbarani. Neno lenyewe ni hili: ya kwamba Wakatoliki wameiacha Biblia, maana Papa wao amekubali kwamba mtu ametokana na nyani.

Mzazi mmoja alituletea jambo hili. Binti yake alikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni inayosimamiwa na masista wa Kikatoliki. Sista mmoja, mwalimu wa biolojia, alifundisha somo la mageuzi ya viumbe, yaani elimu isemayo kwamba aina za viumbe hai zimebadilika polepole kwa muda mrefu sana na kwamba zina asili moja. Jioni ileile, Sista huyohuyo akawaongoza wasichana katika sala ya kumshukuru Mungu Muumba. Binti alipofunga shule alimwuliza mama yake, "Mama, Sista anamwamini Mungu kweli, au anatudanganya asubuhi, au jioni?" Mama akaja kwetu na mzigo huo. "Mchungaji," akasema, "nimtoe katika shule hiyo?"

Swali hili si la mama mmoja. Kwa miaka mingi watoto wetu wa shule za sekondari wamefundishwa habari za uumbaji katika somo la dini, na mageuzi ya viumbe katika somo la biolojia. Wengi wamejifunza kuandika jibu moja katika karatasi hii na jibu lingine katika karatasi ile, bila kuuliza ukweli uko wapi. Mtoto akizoea kuwa na ndimi mbili juu ya Mungu, siku moja atauchoka ulimi mmoja. Nasi twajua ni upi utakaoachwa, kwa maana tunawaona vijana wakienda chuo kikuu na wasirudi kanisani.

Kwanza kabisa tulimwuliza mama yule, "Je, umewahi kumwuliza Mkatoliki mwenyewe anaamini nini?" Akajibu, "La." Hapo ndipo penye shida yetu. Mapadre wa Consolata walifika Tuthu, katika Murang'a, mwaka wa 1902. Wakatoliki wakajenga Mathari, ndugu zetu Wapresbiteri wakajenga Tumutumu, na wamishenari wa CMS wakajenga Weithaga, Kahuhia na Kabare. Zaidi ya miaka mia moja tumechota maji katika mito ile ile, tumepeleka kahawa katika viwanda vile vile, tumeoana na kuzikana. Na bado tunasimuliana habari za imani ya jirani bila kumwuliza. Kuuliza si ujinga. Na kati ya amri kumi, iko ile inayotukataza kumshuhudia jirani uongo. Sisi twaihesabu kuwa ya tisa, Wakatoliki huihesabu kuwa ya nane, lakini yatufunga sote sawasawa.

Basi Wakatoliki wanafundisha nini? Mwaka wa 1950 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliwaandikia maaskofu wake waraka uitwao kwa Kilatini Humani Generis. Katika waraka huo alisema kwamba wataalamu hawakatazwi kuchunguza kama mwili wa mwanadamu ulitokana na viumbe hai vilivyotangulia. Lakini aliweka mipaka. Alifundisha ya kuwa roho ya mtu haitokani na mnyama, bali huumbwa na Mungu mwenyewe. Aliwaonya pia wale waliokuwa wakisema kana kwamba jambo lote limekwisha kuthibitishwa, wala hakukubali fundisho la kwamba wanadamu walitokana na wazazi wengi wa kwanza badala ya Adamu mmoja.

Miaka arobaini na sita ikapita. Tarehe 22 Oktoba 1996, Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wataalamu wa Akademia ya Sayansi ya Vatikani. Alisema kwamba tangu siku za Pio elimu mpya imekuja kutoka pande nyingi, kila mmoja akichunguza kwake, na majibu yao yamepatana. Kwa hiyo elimu ya mageuzi haiwezi tena kuhesabiwa kuwa dhana tu. Lakini mpaka ule wa roho hakuuondoa. Alisema wazi kwamba elimu yoyote inayoifanya roho ya mtu kuwa kitu kilichochipuka katika mwili tu haipatani na heshima ya mwanadamu. Mwaka wa 2014 naye Papa Fransisko aliiambia Akademia hiyohiyo kwamba mageuzi hayapingani na uumbaji, kwa sababu hakiwezi kugeuka kitu ambacho Mungu hajakipa kwanza kuwako.

Hayo ndiyo mafundisho yao. Je, yanasema mtu ni mtoto wa nyani? Hata wanasayansi hawasemi hivyo. Wao husema kwamba mtu na sokwe wana mzee mmoja wa zamani sana, kama vile binamu wawili walivyo na babu mmoja. Binamu yako si babu yako. Wala Kanisa Katoliki halimlazimishi mtu kuyaamini mageuzi kama anavyoiamini Kanuni ya Imani. Mkatoliki asiyeshawishika na hoja za wanasayansi hafukuzwi. Lakini kila Mkatoliki huungama, kama sisi tunavyoungama kila Jumapili, kwamba Mungu Baba ndiye aliyeziumba mbingu na nchi.

Tena tukumbuke kwamba Wakatoliki wenyewe wamekuwa mafundi wa elimu hii. Gregor Mendel, aliyegundua kwa kupanda njegere jinsi watoto wanavyorithi tabia za wazazi, alikuwa mtawa katika mji wa Brno. Kazi yake ilichapishwa mwaka wa 1866. Na hapa kwetu Nyeri alikuwako Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe. Alisoma kwa masista wa Mathari, kisha kwa masista wa Loreto kule Limuru, kisha akaenda Marekani kusoma biolojia katika chuo cha watawa Wabenedikto, mji wa Atchison, akahitimu mwaka wa 1964. Nani atasema ya kuwa masista hao walimfundisha kuidharau kazi ya Muumba? Mwanamke huyu alisimama mbele ya wenye nguvu kwa ajili ya miti, na mwaka wa 2004 ulimwengu mzima ukamheshimu kwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Pili, ndugu zangu, kabla ya kuiangalia nyumba ya jirani tuiangalie nyumba yetu. Sisi Waanglikana hatuwezi kusema kwamba jambo hili ni la Roma tu. Katika karne ya kumi na saba, Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, mtu wa kanisa letu, alipiga hesabu ya vizazi vya Biblia akasema kwamba dunia iliumbwa mwaka wa 4004 kabla ya Kristo. Hesabu hiyo ikapigwa chapa kandokando ya kurasa za Biblia nyingi za Kiingereza, hata watu wakadhani ni sehemu ya Maandiko. Lakini wino wa kandokando si Neno la Mungu. Hakuna mstari wowote wa Biblia unaotaja mwaka huo.

Mwaka wa 1860, katika mji wa Oxford, Askofu Samuel Wilberforce alisimama mbele ya mkutano wa wataalamu kuyapinga mafundisho ya Charles Darwin. Habari hiyo imesimuliwa sana. Lakini siku zile zile, katika mji ule ule, mchungaji wa kanisa lile lile, Frederick Temple, alihubiri kwamba kidole cha Mungu chaonekana katika kanuni za maumbile, wala si katika yale tu tusiyoweza kuyaeleza. Temple huyo baadaye akawa Askofu Mkuu wa Canterbury. Na Darwin alipofariki mwaka wa 1882, alizikwa ndani ya Westminster Abbey, kanisa la Kianglikana.

Hata hapa Kenya elimu hii ilitoka katika nyumba ya mchungaji. Louis Leakey alizaliwa Kabete mwaka wa 1903. Baba yake, Canon Harry Leakey, alikuwa mmishenari wa CMS aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Mtoto akakua pamoja na vijana wa Kikuyu, akaijua lugha yao kama yake. Yeye na mkewe Mary ndio waliofukua Olduvai katika Tanganyika, na mwaka wa 1959 Mary akaliona fuvu la kale lililojulikana duniani kote. Kisha mwaka wa 1984, mwana wa Ukambani, Kamoya Kimeu, akaona kipande kidogo cha fuvu kando ya mto Nariokotome, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Walipochimba, wakapata karibu mifupa yote ya mtoto mvulana aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita.

Mwaka wa 2006, jumba la makumbusho la Nairobi lilipokuwa likitengenezwa upya, viongozi kadhaa wa makanisa ya kiinjili walitaka mifupa hiyo isiwekwe mahali pa mbele. Nia yao ilikuwa kuilinda imani ya watoto. Twaiheshimu nia hiyo. Lakini twauliza: je, imani inalindwa kwa kuficha mifupa chumba cha nyuma? Kama mifupa ile iko, Mungu anajua iko. Yeye ndiye aliyeilaza katika mchanga wa Turkana miaka yote hiyo kabla ya Kamoya kuiona. Jumba lilifunguliwa tena mwaka wa 2008, mifupa ikaonyeshwa, na Injili haijapungukiwa na kitu.

Hapo twakumbuka habari ya mlima wetu wenyewe. Mwaka wa 1848, Johannes Rebmann, mmishenari wa CMS, aliuona Kilimanjaro na kichwa chake cheupe. Tarehe 3 Desemba 1849 mwenzake, Johann Ludwig Krapf, aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui katika Ukambani. Wenyeji walikuwa wakiujua tangu zamani za babu zao. Krapf na Rebmann walipopeleka habari Ulaya ya kwamba kuna theluji karibu na ikweta, bwana mmoja wa London, mtaalamu wa jiografia, William Cooley, akawakanusha. Yeye hakuwa amekanyaga nchi hizi hata siku moja. Alikuwa na vitabu vyake, na vitabu vyake vilimwambia jambo hilo haliwezekani. Wakati ule wamishenari ndio walioona, na msomi ndiye aliyekataa kuona. Je, si aibu leo ikiwa msomi ndiye aonaye na sisi watu wa kanisa ndio tunaokaa kitini tukikanusha?

Tatu, basi, tutazame wenyewe. Hatuna haja ya kwenda mbali. Wajuzi wa miamba hutuambia kwamba mlima wetu ulikuwa volkeno, ukaanza kutapika moto yapata miaka milioni tatu iliyopita. Ulikuwa mrefu kuliko ulivyo leo. Ncha ya Batian, yenye mita 5,199, ni mwamba mgumu uliobaki kooni mwa volkeno baada ya barafu na mvua kuusaga mlima kwa muda mrefu. Waliopanda huko juu wameiona mimea ya ajabu, lobelia na senesio, yenye shina nene na majani makubwa, inayoyafunga majani yake usiku ili moyo wake usigande kwa baridi. Mimea kama hiyo iko pia Kilimanjaro, Elgoni na Ruwenzori, lakini kila mlima una senesio za namna yake. Zinafanana kama watu wa ukoo mmoja waliohamia matuta mbalimbali. Wataalamu wakichunguza mbegu za urithi ndani yake, wanaona kwamba kweli ni ukoo mmoja.

Au mwulize mfugaji. Anajua kwamba dawa ya josho iliyoua kupe miaka mingi siku moja haiui tena. Kupe hawakufanya mkutano. Wachache wenye nguvu ya kuistahimili dawa walibaki, wakazaa, na watoto wao wakarithi nguvu hiyo. Mwulize mhudumu wa hospitali kwa nini klorokwini, tuliyoinywa sote utotoni kwa malaria, iliachwa kuwa dawa ya kwanza hapa Kenya mwaka wa 1998. Vijidudu vilikuwa vimebadilika kwa njia hiyo hiyo. Mwulize mkulima wa kahawa kwa nini alipanda Ruiru 11 iliyotolewa mwaka wa 1985, au Batian iliyotolewa mwaka wa 2010. Ni kwa sababu watafiti waliichagua mimea iliyoweza kuushinda ugonjwa wa buni tunaouita CBD, wakaizalisha kizazi baada ya kizazi. Mambo haya ni madogo kuliko yale ya mamilioni ya miaka, nasi hatusemi kwamba kupe wa josho wanathibitisha kila kitu. Lakini yanatuonyesha kwamba Mungu ameviumba viumbe vyenye uwezo wa kubadilika. Mtu anayeishi kwa kahawa na maziwa asiseme kwamba elimu hii haimhusu.

Sasa fungueni sura ya kwanza ya Mwanzo mwisome tena polepole. Mtaona kwamba Mungu, alipotaka kuwako mimea na wanyama, aliiamuru nchi iwatoe. Neno ni la Mungu, na nchi inatii na kuzaa. Katika sura ya pili mwanadamu anafanywa kwa mavumbi ya ardhi, kisha Mungu anampulizia pumzi ya uhai. Mwili una udongo ndani yake. Uhai wake watoka kwa Mungu. Maandiko hayatuambii udongo ule ulipitia njia gani wala ulichukua muda gani mikononi mwa Mfinyanzi. Yanatuambia Mfinyanzi ni nani. Naye mtunga Zaburi ya 104, akitazama simba wakiwinda usiku, anasema kwamba wanamwomba Mungu chakula chao. Alijua vizuri jinsi simba anavyowinda. Hakuona kwamba mbio za simba zinamwondoa Mungu.

Mwafrika mmoja, Agostino, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, aliyaona haya zaidi ya miaka elfu moja na mia sita iliyopita. Katika kitabu chake cha kuieleza Mwanzo aliwaonya Wakristo wasiseme upuuzi juu ya nyota na viumbe huku wakidai kwamba ndivyo Biblia isemavyo. Aliona kwamba asiyeamini, akitusikia tukikosea katika jambo analolijua vizuri, hatatuamini tunapomweleza habari za ufufuo na ufalme wa mbinguni. Agostino ni baba yetu na baba ya Wakatoliki pia. Laiti tungalimsikiliza sote.

Nne, wasikilizaji, tusiwe wajinga upande wa pili. Si kila asemaye kwa jina la sayansi asema kweli. Katika miaka ya 1930, hapa hapa Kenya, madaktari kadhaa wa Kizungu walipima mafuvu na bongo za Waafrika, wakadai kwamba akili ya Mwafrika ni pungufu kwa kuzaliwa. Mwaka wa 1933 wakaunda chama chao Nairobi cha kuchunguza habari za ubora wa mataifa ya watu. Walilitumia jina la elimu ya mageuzi ili kumwambia Mwafrika kwamba hastahili shule wala haki. Baba zetu waliokuwa wakijijengea shule zao wakati huo huo walilijibu neno hilo kwa matendo.

Na tazameni jinsi Mungu anavyoligeuza jambo. Elimu ile ile, ilipochunguzwa kwa uaminifu zaidi, imewakanusha mabwana wale. Leo wanasayansi hutuambia kwamba wanadamu wote, Mzungu, Mhindi, Mchina na Mkikuyu, ni ukoo mmoja, na kwamba chimbuko lao ni Afrika. Mtume Paulo aliwahubiria Waathene jambo hilo hilo, ya kuwa Mungu alifanya kila taifa la watu kutoka asili moja. Hapa ndipo mpaka ule wa Wakatoliki unapotufaa na sisi. Mwanasayansi anaweza kuupima mfupa, lakini hana mizani ya kupima thamani ya mtu. Akisema, "Mwili huu umepitia njia hii," tumsikilize. Akisema, "Kwa hiyo mtu si kitu ila mnyama, na hakuna Mungu," hapo ameitupa darubini yake na kuanza kuhubiri. Nasi tunayo haki ya kumjibu kama tunavyomjibu mhubiri mwingine.

Basi tulimjibu mama yule hivi: "Mwache binti shuleni. Sista hadanganyi asubuhi, wala hadanganyi jioni. Asubuhi anawaeleza wasichana jinsi viumbe walivyokuwa. Jioni anawaambia ni mali ya nani. Ukutane naye siku ya wazazi, umwulize mwenyewe."

Lakini hatutaki kuwadanganya nanyi. Yako maswali magumu ambayo hayajaisha. Wataalamu wa urithi husema kwamba wazee wetu wa kwanza walikuwa kundi la watu, si wawili peke yao. Basi tumwelewe vipi Adamu, naye Paulo katika Warumi sura ya 5 anamlinganisha na Kristo? Wanatheolojia wa Kikatoliki wanajadiliana juu yake hata leo, na wetu vilevile. Wengine humwona Adamu kuwa mtu mmoja aliyeitwa na Mungu awe kichwa cha wote; wengine humwona kuwa ni sisi sote katika habari moja. Tena yako swali la mauti. Kama njia ya uumbaji ni ndefu hivi, mbona imejaa meno na damu na vitoto vilivyokufa kabla ya kukua, kama yule mtoto wa Turkana? Hatuna jibu jepesi. Tunajua tu kwamba Paulo alisikia viumbe vyote vikiugua kama mwanamke mwenye utungu, na kwamba Mungu wetu hakuutazama utungu huo akiwa mbali. Alitwaa mwili huu huu wa udongo, wenye mifupa kama ile, akafa ndani yake, akafufuka ndani yake. Mkristo anaweza kukaa na swali lisilojibiwa, ikiwa anakaa nalo chini ya msalaba.

Tena wapo ndugu na dada katika makanisa yetu wanaozisoma siku sita za Mwanzo kuwa siku kama za leo. Hao nao ni wa Bwana. Kwa kusema haya hatuwatoi mezani pa Bwana. Twawaomba jambo moja tu: wasiwatoe wengine.

Ninyi wazazi, mtoto akiwauliza swali la biolojia, msimnyamazishe kwa kusema kwamba ni dhambi kuuliza. Kama hamjui, mwambieni hamjui, mkatafute pamoja. Ninyi vijana, someni biolojia kwa bidii, mwandike katika mtihani mlichojifunza kwa moyo safi, kisha mwimbe zaburi kwa moyo ule ule. Msikubali kuwa na Mungu wa Jumapili na ulimwengu wa Jumatatu. Na sisi wahubiri, kabla ya kulitaja kanisa la jirani mimbarani, tujiulize: jirani huyo angekuwa ameketi hapa kiti cha mbele, angesema, "Naam, ndivyo tunavyofundisha"? Kama asingeweza kusema hivyo, tufumbe kinywa.

Yako mambo mengi yanayotutenga na Roma, nayo si madogo: habari za Papa, za Mariamu, za meza ya Bwana. Tujadiliane juu ya hayo kwa kweli na kwa upendo. Lakini tusiongeze utengano pale ambapo hapakuwa na utengano. Juu ya neno hili, ya kwamba Mungu ndiye Muumba wa vyote na mtu anabeba sura yake, sisi na wao tunasimama pamoja.

Tuombe.

Ee Mungu, Muumba wa mlima na wa mmea ulio juu yake, wa simba na wa kupe, wa mavumbi na wa pumzi: twakushukuru kwa akili uliyotupa ya kuzichunguza kazi zako. Utusamehe kwa maneno tuliyosema juu ya jirani zetu bila kujua. Uwalinde watoto wetu walioko shuleni, wasiache kukutafuta wala wasiogope kweli mahali popote waionapo, kwa kuwa kweli yote ni yako. Uwaongoze walimu wao, Wakatoliki na Waprotestanti, na wote wanaochimba na kupima na kuhesabu. Utukumbushe kwamba tu mavumbi, na kwamba tu wako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.